Viazi vitamu: majani tele, chini hakuna kitu

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nimepanda viazi vitamu nyuma ya nyumba, huku Chanika, Dar es Salaam. Kabla ya kupanda niliweka samadi ya kuku kwa wingi. Marando yamefunika bustani nzima na mboga nachuma kila wiki, lakini huu ni mwezi wa tano tangu nipande na nikichimba napata vizizi vyembamba tu. Vichache vilivyonenepa vina matobo na ni vichungu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Naanza na hiyo samadi. Ya kuku ina naitrojeni nyingi, na kiazi kitamu kikiipata kupita kiasi huotesha majani na kusahau mizizi. Msimu ujao panda hapo mchicha au mahindi, yaifaidi mbolea iliyobaki. Viazi vipeleke upande mwingine, penye jua la kutosha, bila samadi mbichi.

Halafu hiyo mboga. Chakula kinachojaza kiazi kinatengenezwa kwenye majani, kwa hiyo kila fungu la matembele unalochuma linapunguza kiazi. Tenga tuta moja la mboga, mengine usiyaguse. Na je, mbegu ulikata wapi? Kuna aina zinazofugwa kwa ajili ya majani tu. Hata uzipalilie vipi, hazizai viazi vya maana. Kata kwa jirani uliyemwona akivuna viazi: ncha za marando, sentimita 30 hivi, zisizo na majani yaliyojikunja wala mabaka. Panda juu ya tuta la udongo laini, shina hadi shina sentimita 30, vifundo vitatu au vinne viingie ardhini, maana mizizi inayonenepa hutokea hapo.

Matobo ni kazi ya fukusi, mdudu mdogo mweusi mwenye umbo la sisimizi na mdomo mrefu. Huyu hana uwezo wa kuchimba udongo mgumu. Hupenya kwenye nyufa, akataga kwenye kiazi au shinani, na funza wake ndio wanaotoboa. Kiazi hujihami kwa kutoa kemikali chungu ambayo haiishi hata ukichemsha. Usile, wala usiwape mifugo.

Dawa ya kupuliza haimfikii funza akiwa ndani ya kiazi, kwa hiyo tegemea jembe. Mvua zikikatika na tuta likaanza kupasuka, ziba nyufa na upandishie udongo shinani, tena na tena. Wengi huviacha viazi ardhini wakichimba vya kula leo tu. Wakati wa kiangazi huko ni kumfuga fukusi. Aina nyingi huwa tayari kwenye miezi minne hivi, kwa hiyo anza kuchungulia mapema.

Vyako chimba vyote wiki hii. Vilivyotobolewa, pamoja na mashina yaliyovimba, choma au fukia kwenye shimo refu, na usikate mbegu humo.