Muulize Bibi Hadubini: Telomerasi ya mtoto ni haba, saratani yatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi Hadubini. Mwanangu wa pili ana miaka 14. Kucha zake zilianza kukonda na kupasuka akiwa darasa la pili, kisha shingoni akatoka madoa kama wavu. Tulitibu fangasi mpaka tukachoka. Mwaka jana alianza kutokwa damu puani, damu ikapungua, tukaenda India. Karatasi tuliyorudi nayo inasema diskeratosisi konjenita, ugonjwa wa kurithi, jeni DKC1, na kwamba telomea zake, yaani ncha za kromosomu, ni fupi kuliko za watoto 99 kati ya 100 wa umri wake. Daktari akaniambia yuko katika hatari ya saratani. Hapo ndipo nilipokwama. Nimesikia saratani hustawi kwa telomerasi nyingi, kile kimeng'enya kinachorefusha telomea, na mwanangu hana ya kutosha. Sasa saratani aipate wapi? Tena kuna kijana mtaani anauza vidonge vya mizizi vya "kuamsha telomerasi", laki moja na themanini chupa. Kaka yangu alifariki akiwa na miaka 29, naye alikuwa na ulimi mweupe. Wakwe wanasema ukoo wetu una mkosi. Nina binti wa miaka 17 na mvulana wa miaka 9.
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kucha za mwanao na ulimi wa kaka yako vimenirudisha mwaka 1996, kwenye maabara ya hospitali moja ya mkoa. Ililetwa damu ya kijana mmoja, nikahesabu chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwenye chemba mara tatu, zilivyokuwa chache nikidhani nimekosea kuzimua. Sikukosea. Nilipokwenda wodini kuchukua sampuli nyingine nikaona kucha zake, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Faili lake lilikuwa na miaka minne ya dawa za fangasi. Nikaandika majibu, nikanawa mikono, nikaenda zangu nyumbani. Jina la ugonjwa nililisikia miaka kumi baadaye kwenye semina, na siku hiyo chai ya saa nne haikushuka.

Basi tuanze na kanga. Ukikata doti katikati, pale palipokatwa hapana pindo. Usipoipeleka kwa fundi, kila ukifua nyuzi zinafumuka. Kromosomu, uzi unaobeba jeni ndani ya seli, nayo ni hivyo: kila seli inapogawanyika, ncha zake hupungua kidogo. Ili kisiliwe chenye maana, ncha zimewekewa maandishi ya kupotezwa, herufi sita TTAGGG zikirudiwa maelfu ya mara. Hizo ndizo telomea. Telomerasi ni fundi wa kuzirefusha. Carol Greider, aliyekuwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn kule California, aliona dalili yake ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1984, katika kiumbe cha seli moja kinachoishi madimbwini. Mwaka 2009 wawili hao na Jack Szostak wakapewa Nobel.

Seli nyingi za mwili wako zimemfungia fundi huyu nje. Anaruhusiwa kule tu kunakogawanyika bila kupumzika: uloto unaotengeneza damu, mashina ya ngozi, utando wa mdomo na utumbo. Na hafanyi kazi mikono mitupu. Ana kipande cha RNA anachokinakili kama kielelezo, na kuna protini iitwayo diskerini inayokishika kielelezo hicho kisiharibike. Jeni DKC1, iliyotambuliwa mwaka 1998, ndiyo inayotengeneza diskerini. Ya mwanao ni dhaifu, si kwamba haipo kabisa. Ndiyo maana kucha, ngozi, mdomo na damu vilitangulia kulalamika. Ndivyo vyenye kazi nyingi zaidi kwa fundi.

Sasa saratani. Ulichosikia ni kweli, ila umesikia mwisho wa hadithi bila mwanzo wake. Utafiti uliotoka mwaka 1994 ulikuta telomerasi ikifanya kazi katika takribani saratani 9 kati ya 10. Lakini hiyo ni saratani iliyokwishajijenga na kumwiba fundi ili isichakae. Swali lako ni ilianzaje. Ncha ikifupika mno, seli ya kawaida huacha kugawanyika au hufa, na huo ni ulinzi. Mlinzi akisinzia, seli ikaendelea kugawanyika, ncha tupu huonekana kama mahali palipochanika. Mafundi wa dharura wa seli wanakuja mbio na kushona pamoja kromosomu mbili zisizohusiana. Seli ikigawanyika tena, kila upande unavuta wake, kitambaa kinachanika pengine. Jeni zinapotea, nyingine zinarudufika. Katika fujo hiyo seli moja ikipata njia ya kumrudisha fundi kazini, hata huyu wako mdhaifu, unapata seli iliyoharibika na isiyochoka.

Huo ndio ufafanuzi niliofundishwa, na kwa saratani za uloto bado naona una nguvu. Kwa saratani za mdomo na ngozi lazima niuharibu mfano wangu mwenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba kwa watu wenye telomea fupi kinachofungua mlango zaidi ni askari wa kinga, seli T, kupungua kabla ya wakati. Nazo hugawanyika sana, nazo huishiwa pindo. Seli mbaya ulimini, ambayo kwako wewe ingeonwa na kuuawa, kwa mtoto huyu inaweza kupita.

Kwa hiyo vidonge hapana. Fundi wa mwanao hajalala hata aamshwe. Kielelezo chake ndicho hakishikwi vizuri. Wala hakuna ushahidi kwamba mizizi hiyo inampunguzia mtu saratani, achilia mbali mtu mwenye ugonjwa huu. Dawa iliyowahi kuonekana ikirefusha telomea za wagonjwa wa aina hii ni danazoli, ya jamii ya homoni za kiume. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 27, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Hiyo ni ya daktari wa damu, tena kwa kuangaliwa ini, si ya kununua dirishani. Laki moja na themanini yako inatosha nauli za kliniki kwa muda mrefu.

Maana kliniki utakwenda sana. Kipimo cha chembe zote za damu kila miezi sita au kama daktari atakavyopanga, hata akiwa mzima anacheza mpira. Daktari wa meno naye mara mbili kwa mwaka, na umwambie jina la ugonjwa, usimwache adhani amekuja kung'oa jino. Wewe nyumbani mkague kila mwezi kwa tochi: atoe ulimi, mshike ncha kwa kitambaa, uangalie pembeni na chini yake. Utando mweupe usiukwangue wala usiupake asali na limau. Ukiona kidonda kilichopita wiki tatu, uvimbe mgumu, au jeupe lililogeuka jekundu, omba kikatwe kipande kipelekwe patholojia. Wakikwambia "tujaribu kwanza dawa ya fangasi", waonyeshe karatasi ya India. Usione haya.

Tambuu, ugoro, sigara, pombe: hata kuonja asionje. Najua pwani yetu, mzee akikunja tambuu mtoto hukaa karibu. Mkatalie mzee kwa adabu. Moshi wa jiko la mkaa nao umweke mbali, kwa sababu ugonjwa huu hukaza mapafu baadaye. Juani avae kofia pana. Na muulize daktari chanjo ya HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani. Hapa nchini mpango ni wa wasichana, lakini kwa hali yake ina maana kubwa.

Mkosi huo wa wakwe unaitwa kromosomu X. DKC1 imekaa humo. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, kwa hiyo anaweza kuibeba bila kuugua, au akawa na dalili ndogo. Kwa ulivyonieleza, kaka yako aliipata kwa mama yenu, nawe ukaipitisha usijue. Mvulana wa miaka 9 ana nafasi nusu kwa nusu, hata kama kucha zake ni nzuri leo. Binti naye nusu ya kuibeba. Wote wapimwe jeni ileile, kabla binti hajaolewa na hasa kabla ya jambo moja ninaloliogopa: kupandikiza uloto.

Siku hizi hata Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na watu wamezoea kusema "ndugu atatoa". Kwako ndugu asitoe kabla ya majibu ya jeni. Mtoto anayeonekana mzima anaweza kuwa na kasoro hiyohiyo, ukampa mgonjwa uloto mgonjwa. Pia dawa kali na mionzi ya kawaida ya kuandaa mwili humuumiza vibaya mtu wa diskeratosisi, mapafu na ini hasa, hivyo hupewa dozi iliyopunguzwa. Na uloto mpya hutengeneza damu tu. Mdomo unabaki uleule, hatari yake hata huongezeka, kwa hiyo tochi haiwekwi kabatini.

Ukipata majibu ya wadogo, niandikie.

SWALI: Bibi, nimelipia kipimo cha telomea mtandaoni, nikaambiwa zangu ni ndefu mno na umri wangu wa ndani ni miaka 31. Nina 47. Nifurahi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Furahi kiasi, mwanangu, na usilipie tena. Ndefu mno nayo ina mashaka yake. Mwaka 2023 hao hao wa Johns Hopkins walieleza watu waliorithi kasoro ya jeni POT1, ambayo kazi yake ni kumzuia fundi asizidishe. Telomea zao ni ndefu hata uzeeni, na wengi wana vivimbe, saratani za ngozi, tezi la shingo au damu, kwa sababu seli zilizopaswa kustaafu zimeendelea kuzaa. Kuna pia familia moja Ujerumani, ilielezwa mwaka 2013: herufi moja iliyobadilika mbele ya jeni TERT, inayomtengeneza fundi, ilimpandisha fundi sauti, wakafuatana kupata melanoma, saratani kali ya ngozi.

Simaanishi nawe unayo. Kipimo cha mtandaoni hakiwezi kukwambia hilo. Ila kama kwenu wazazi, ndugu au wajomba kadhaa wamepata melanoma, saratani ya tezi la shingo au ya damu, peleka historia hiyo kwa daktari. Hiyo "31" iache nyumbani.