Chips kwenye kirikuu: maswali yenu ya usafi na matengenezo

Leo najibu meseji za usafi na matengenezo ya gari za chakula, hasa kirikuu, yaani vile vipikapu vidogo, nyingi zimetoka Dar na Tanga, na ukizisoma vizuri utaona mkosaji mmojawapo ni mafuta ya kukaangia.

SWALI: Nimefunga banda la bati kwenye kirikuu, nauza chips na mishkaki Mbezi. Vijana wanafuta kila asubuhi ila kuta zinanata tu, tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, tatizo ni hiyo asubuhi yenyewe. Mafuta yakishalala usiku mzima yanaganda, halafu kijana anakuja na kitambaa na maji ya baridi, hapo anayasambaza tu. Futeni usiku mkishafunga, majiko yameshazimwa na mafuta yamepoa ila bati bado lina uvuguvugu, maji ya moto na sabuni ya maji, anza juu shuka chini, halafu suuza. Stilwaya usiipeleke kwenye stenlesi, inakwaruza na uchafu unapata pa kukaa. Ukishamaliza sabuni ndio unapitisha Jik kwenye meza ya kukatia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, acha dakika mbili tatu ikauke. Na usije ukachanganya Jik na siki au dawa ya choo eti iwe kali zaidi, inatoa gesi ya sumu, na humo ndani nafasi yenyewe hamna.

Sasa sehemu ambayo watu hawaigusi kabisa ni ule wavu wa feni ya kutolea moshi. Uchomoe kila wiki, uloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, maana mafuta yaliyojikusanya pale yanangoja cheche moja tu. Karai likishika moto usimwagie maji, nakuomba sana, mafuta yataruka mpaka kwenye paa. Funika na mfuniko wa chuma, funga gesi, acha lipoe lenyewe. Mfuniko huo ukae karibu na mkono sio chini ya maboksi ya soda.

SWALI: Nasikia harufu ya gesi nikifungua gari asubuhi ila mtungi nimefunga. Ni kawaida?

JIBU: Sio kawaida hata kidogo dada. Usiwashe taa, usiwashe gari, fungua milango yote kwanza ukae nje kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inajilaza sakafuni, dirisha la juu peke yake halisaidii, toboa matundu ya hewa chini usawa wa sakafu. Harufu ikiisha kabisa, weka povu la sabuni kwenye regyuleta, viungio na mpira wote, fungua mtungi majiko yakiwa yamezimwa, panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mpira ukiwa mgumu au umepasuka nunua mwingine, habari za kuzungushia solotepu achana nazo.

SWALI: Mende! Nimepuliza dawa mpaka nimechoka.

JIBU: Mende wengi wanaingia na trei za mayai na maboksi, hamishieni vitu kwenye vyombo vya plastiki na maboksi yabaki nje. Halafu sogeza friji, nyuma ya mota kuna joto na makombo, pale ndio makao makuu. Tumia dawa ya jeli kwenye pembe badala ya kupuliza juu ya sahani za wateja.

SWALI: Mafuta nayatumia mara ngapi?

JIBU: Usihesabu mara, angalia mafuta yenyewe. Yakitoa povu jingi, yakinata au yakianza moshi kabla hayajapata moto vizuri, hayo yameisha. Yanadumu zaidi ukiyachuja kila jioni yakipoa, na chumvi weka chips zikishatoka, sio juu ya karai. Mabaki usimwage mtaroni, kuna watengeneza sabuni wanayatafuta.

SWALI: Gari imelala nyuma, fundi anasema tuongeze pande la springi.

JIBU: Kabla ya fundi piga hesabu ya mzigo kaka. Vikirikuu hivi vya Japani vimetengenezwa kubeba kilo 350. Mitungi miwili ya kilo 15 pamoja na chuma chake ni kama 60, maji lita 100 ni kilo 100, gunia la viazi tena lumbesa, jenereta, friji, na banda la chuma lenyewe ambalo welda hakulipima. Springi itainua gari ila breki na tairi ni zilezile. Jaza maji ukifika kijiweni. Na ujue umri wa tairi, soma namba nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ubavuni mwake, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019.

SWALI: Mvua ikinyesha naweza kuingiza jenereta ndani?

JIBU: Hapana, hata kwa dakika tano. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, mtalala humohumo. Itengenezee kipaa cha bati nje, mbali na dirisha la kuuzia. Oili badilisha kila masaa 100 hivi, ukiwasha masaa sita kwa siku ni kama wiki mbili na kidogo, na tarehe iandike kwa maka pen kwenye tangi lenyewe maana daftari litapotea.