Jibu: CT au MRI kwa mifupa ya sikio la kati?

Mkuu, umeuliza kwa nini daktari kamwandikia mama CT ya sikio (picha za eksirei za vipande vipande) badala ya MRI (picha za sumaku) iliyo ghali zaidi, ilhali ngoma ya sikio imeonekana nzima. Bei isikuchanganye. Ile mifupa mitatu (nyundo, fuawe na kikuku) imezungukwa na hewa, na kwenye MRI mfupa na hewa vyote hutoka vyeusi, hutofautishi kitu. CT hupiga vipande vyembamba vya kama nusu milimita, na lazima iwe hivyo, maana kikuku chenyewe kina milimita 3 hivi tu. Mambo yakiwa sawa, kwenye picha kichwa cha nyundo huonekana kimekaa juu ya fuawe kama aiskrimu kwenye koni. Aiskrimu ikichomoka, viungo vimeachana, hasa kwa aliyewahi kuumia kichwa. Sindano ya dawa ya kung'arisha picha kwa kawaida haihitajiki.

MRI wataiomba wakishuku kolesteatoma (uvimbe wa ngozi unaokua ndani ya sikio la kati). Ila kikuku kilichoganda kwa otosklerosisi changa (ugonjwa wa mfupa wa sikio unaokifanya kikuku kisitikisike) kinaweza kutoka safi kabisa kwenye CT, kwa hiyo kipimo cha usikivu kifanyike kwanza. Ameshafanyiwa?