Mfumo unapomkataa mwananchi, amwendee nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama teknolojia imemsogeza mwananchi karibu na serikali yake. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, upande wa malipo imemsogeza kweli. Upande wa haki bado, kwa kuwa mfumo ukikukataa humpati mwenye mamlaka ya kukusikiliza.

Tangu kontroo namba, yaani namba ya kumbukumbu ya kulipia huduma za serikali, ilipoanza mwaka 2017, mtu wa Makete au Ileje analipia huduma ya serikali kwa simu bila kumkabidhi karani fedha mkononi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini simu hiyo inahitaji laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Wakati wa usajili ule, uliofikia ukomo Januari 2020, nilimwona bibi mmoja huku kwetu Rungwe akijaribu kidole gumba, kisha cha shahada, akakifuta kwa khanga na kujaribu tena. Miaka ya kulima viazi na kuchuma chai ilikuwa imevilainisha vidole vyake hata mashine haikuona mstari. Kijana wa usajili alimjibu kwa heshima, "Mfumo umekataa, bibi," na hakuwa na uwezo wa kufanya zaidi. Ruzuku ya mbolea ilipokuja mwaka 2022, mkulima alihitaji kusajiliwa na kupewa namba, na asiye na laini yake mwenyewe alilazimika kutegemea simu ya mwingine.

Kwenye uchaguzi ndipo ninapokuwa mgumu zaidi. Uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, yaani kwa mashine za alama za vidole, ulioanzia Makambako mwaka 2015 naukubali, kwa sababu unasaidia kumzuia mtu kujiandikisha mara mbili. Kura yenyewe, hata hivyo, ibaki kwenye karatasi, ihesabiwe kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo yabandikwe hapo hapo mlangoni. Ujerumani ni nchi ya mafundi, na bado Mahakama yake ya Katiba ilizikataa mashine za kupigia kura zilizotumika huko, ikisema mwaka 2009 kwamba mwananchi lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa mwaka 2017, na miongoni mwa sababu ni tume ya uchaguzi kutofungua seva zake, yaani kompyuta zinazohifadhi matokeo, kama mahakama hiyo ilivyoagiza. Mwaka 2022 tume hiyo iliweka mtandaoni picha za fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye intaneti akaweza kujumlisha mwenyewe. Teknolojia ya namna hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu inamwonyesha mwananchi karatasi ile ile iliyosainiwa kituoni kwake.

Ninachoomba ni kwamba kila mfumo wa serikali uwe na ofisa katika ngazi ya kata mwenye mamlaka ya kisheria ya kumtambua mtu kwa mashahidi, yaani mwenyekiti wa kijiji na majirani wawili, kisha arekebishe taarifa siku hiyo hiyo na kumpa mhusika karatasi yenye mhuri.