Uadilifu uanze nyumbani kwako

Wa alaykum salaam, dada. Umeuliza mtu asiye kadhi wala hakimu ataliishi vipi jina la Allah, Al-Adl, yaani Mwadilifu. Anza na watoto wako. Bashir alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akamwendea Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Akaulizwa: watoto wako wote umewapa mfano wake? Akasema la. Mtume akakataa kushuhudia, na Bashir akairudisha zawadi ile. Sasa tazama majumba yetu hapa Mombasa: mvulana analipiwa karo mapema, msichana anaambiwa "tutaona", na jioni ni yeye anayekuna nazi na kuosha vyombo. Hiyo ni dhulma, hata kama tumeizoea.

Sokoni Kongowea nako, ukipanga nyanya nzuri juu ya fungu na zilizopondeka chini, soma mwanzo wa Suratul Mutaffifin, unaowaonya wanaopunja vipimo, kabla hujamwita mteja. Kijana wa kazi naye mlipe kabla jasho lake halijakauka, usimzungushe.

Gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni Al-Maida aya ya 8: kumfanyia haki hata unayemchukia. Jirani mliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja akisingiziwa jambo, nawe ulikuwepo, sema uliyoyaona hata yakimsafisha.