Mkuu, usiwafuate ndege: chagua vituo kwanza

Mkuu, simama hapo kabla hujawasha gari. Umesema una wiki chache za kuzunguka maziwa ya chumvi, na kila ukiona kitwitwi, yule ndege mdogo wa kando ya maji, utaweka alama kwenye jipiesi, halafu mwisho wa msimu uangalie alama zimeangukia kwenye makazi gani. Alama hizo zitakuonyesha wewe ulipita wapi, basi. Maswali yako ya darubini na pete za kuwavisha ndege miguuni yasubiri.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mpango huo huo tulipewa na mtaalamu aliyekuwa akitusimamia. "Ndege wenyewe wachache, msipoteze muda pasipo na ndege." Msimu mzima ukaenda hivyo. Ramani ikatoka nzuri, alama zimejipanga kando ya maji, tukaandika kwamba vitwitwi wanategemea ukingo wa maji. Aliyeikagua ripoti akauliza swali moja tu: kule kwenye changarawe mlitafuta mara ngapi? Hakukuwa na jibu, maana hakuna aliyeandika tulikopita bila kuona kitu. Data ya namna hiyo haitengenezeki tena, hata umpe mtakwimu hodari vipi. Na aliyetutuma akanyamaza, wakati pesa ya mafuta ilishaisha! Mpaka leo nikisikia mtu anawaambia vijana maneno yale napandwa na hasira.

Na hata ukitafuta kote, bado kuna mtego. Kitwitwi akiwa juu ya ganda jeupe la chumvi unamwona kwa mbali. Huyo huyo akiingia kwenye changarawe anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anakugeuzia mgongo wa rangi ya vumbi, na umeshampoteza. Jua likipanda, joto linayafanya mawe yote ndani ya darubini yacheze kama yamo majini. Ukilinganisha hesabu ya chumvini na ya changarawe, umepima urahisi wa kuona, hujapima ndege anapenda wapi.

Fanya hesabu. Tuseme ndege yupo kituoni, yaani pale ulipopanga kutafuta, lakini nafasi ya kumwona kwa ziara moja ni 0.3. Ukienda mara moja tu, kwa wastani utavikosa vituo 7 kati ya kila 10 vyenye ndege. Ukienda mara 3, nafasi ya kumwona angalau mara moja inafika kama 0.66, mara 5, kama 0.83. Marudio hayo ndiyo msingi wa njia waliyoichapisha mtakwimu Darryl MacKenzie na wenzake mwaka 2002: mfululizo wa 0 (hukuona) na 1 (umeona) wa kila kituo unakadiria kwa pamoja uwezekano wa ndege kuwapo na uwezekano wa wewe kumwona. Bila marudio huwezi kuvitenganisha hivyo viwili.

Kwa hiyo vituo vyako vichague kwenye ramani kabla hujaona ndege hata mmoja. Ligawe eneo lako kwa aina ya makazi: ganda la chumvi, tope, changarawe, vichaka vifupi. Chagua vituo kwa bahati nasibu ndani ya kila aina, na kituo kikiangukia mbali na barabara, utakwenda kwa miguu. Kila kituo urudi, hasa kile ambacho hukuona kitu. Sifuri iandikwe kama ndege anavyoandikwa, pamoja na saa, upepo na umbali wa maji siku hiyo. Kwa nafasi ya 0.3 mimi sishuki chini ya ziara 5.

Ziara zikaribiane. Maji ya nchi kame hayakai. Kidimbwi kikikauka katikati ya marudio, ndege ameondoka kweli, na hesabu itadhani yupo ila hukumwona. Halafu vitwitwi hula usiku pia, kwa hiyo uliyemwona mchana huenda anapumzika tu. Usiandike "anakula hapa" kama hukumwona akidonoa.

Weka hapa ramani ya vituo vyako, na vya changarawe viwemo, kabla hujajaza mafuta.