Jibu: Beseni la vyura limegeuka kijani na kujaa viluwiluwi

Mkuu, habari za Tabora. Nimekuelewa hivi: beseni umeliweka uani ili vyura na kereng'ende waje, badala yake maji yamekuwa ya kijani, viluwiluwi wamejaa, na mama mwenye nyumba anataka ulimwage.

Anza na viluwiluwi, maana hapo kuna malaria. Chutama uangalie vizuri. Wenye kichwa cha mviringo na mkia ni wa chura, waache. Wa mbu ni wembamba; wengine wananing'inia kichwa chini, ila wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria, wanalala sambamba na uso wa maji. Hao wa mbu wote wachote kwa chujio la chai kila baada ya siku mbili tatu, kwani kwenye joto yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi. Ukichoka, ulizia dawa ya kibayolojia ya viluwiluwi, ile ya kiwanda cha Kibaha. Mafuta ya taa hapana! Na watakaokushauri uweke samaki, waambie samaki atakula na watoto wa chura.

Ukijani ni jua na uchafu. Sogeza beseni lipate kivuli cha mchana, ila si chini ya mwembe, majani yakioza humo umerudi palepale. Ongezea maji ya mvua. Ya bomba yakae wazi siku nzima kwanza. Yungiyungi moja linatosha. Magugu maji usilete kabisa.

Pia panga mawe ndani kama ngazi, chura apate pa kutokea. Kama kuna watoto wadogo hapo, funika kwa wavu wa chuma wenye matundu ya kupita chura.